Kahawa ya Shamba Moja

Bisibo, Biharamulo
12 Agosti 2023

Mama yangu,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Magoti yanakwendaje na baridi hii ya asubuhi? Huku kwetu hatujambo. Diana ameota meno ya mbele na anauma kila kinachopita karibu, pamoja na kidole cha baba yake. Ngeleja anakusalimu, na mama mkwe Nshoma anasema nikuambie yule jogoo uliyempa amejifanya mwenye boma, hata ng'ombe wanampisha.

Mama, usinicheke. Nimeanza kunywa kahawa.

Hapa shuleni kuna mwalimu mwenzangu anaitwa Pius, aliyefanya kazi za kahawa Moshi kabla ya kuja kufundisha. Nyumbani kwake ana makopo juu ya kabati, na kila kopo lina buni za mahali pamoja tu. Lipo la Mbinga, lipo la Kigoma, na lipo la Ethiopia aliloletewa na dereva wa lori pale Lusahunga. Jumapili alitualika mimi na Ngeleja. Akakaanga kidogo kidogo mbele yetu, akasaga, akamwagia maji yaliyochemka kisha yakatulia, akatupangia vikombe mezani tuonje kimoja baada ya kingine. Mimi nilidhani kahawa ni kahawa tu, kama chumvi ilivyo chumvi. Kumbe sivyo. Ya Ethiopia ilinukia maua, ya Mbinga ilikuwa nzito mdomoni, na ya Kigoma ilikuwa na uchachu mzuri wa chungwa. Ngeleja, ambaye unajua kwake kinywaji ni maziwa, aliomba kikombe cha pili cha Kigoma, halafu akaona haya.

Kisha Pius akaniuliza, "Na ya kwenu Ngara ikoje?" Nimekulia kwenye mibuni, nimesomeshwa na mibuni, na ladha yake siijui. Nilijisikia vibaya sana, Mama, kama mtu aliyeulizwa jina la bibi yake akalisahau.

Kwa hiyo nakuomba unitumie buni zako. Sitaki za chama cha msingi, maana kule zinachanganywa za kijiji kizima. Nataka za shamba lako tu, ulizochuma wewe mwenyewe, za msimu huu. Pius anasema zisiwe zimekaa jikoni zikashika moshi. Mpe kondakta wa basi la asubuhi, Ngeleja atazipokea Lusahunga kwa pikipiki.

Ningekupigia lakini simu yako imeshika tena mtandao wa Burundi, napiga naongeleshwa Kirundi na mashine.

Mwanao,
Joyceline


Kabanga, Ngara
3 Septemba 2023

Mwanangu Joyceline,

Marahaba, na milele amina. Magoti ni yale yale, yanajua mvua kabla ya redio. Mbusu Diana, umwambie bibi yake naye anauma, asije kwangu na ujeuri.

Barua yako niliisoma nikacheka peke yangu. Umeolewa na Msukuma, watu wa maziwa, na sasa ndiyo unataka kahawa. Ungekuwa hapa nyumbani ungetaka maziwa. Marehemu baba yako Juvenali alikuwa akisema kahawa ni ya kuuza, chai ni ya kunywa, na hivyo ndivyo tulivyoishi. Hata mimi sijawahi kuonja, zaidi ya kufyonza tunda bivu nikiwa shambani.

Lakini ombi la mtoto halirudishwi. Nimekuwekea za mistari ya juu, karibu na kichuguu, na za mstari wa chini ya nyumba. Huyo mwalimu wako mwambie hivi. Mimi sikamui tawi zima kama wanavyofanya wenye haraka, mbichi na mbivu twende kazi. Nachuma nyekundu iliyokolea. Ya njano naiacha ingoje zamu yake, na ya kijani siigusi. Nikifika nyumbani naimwaga kwenye ungo naichagua tena, kisha naianika juu ya kichanja na kuigeuza mchana kutwa. Kwenye chama wananiambia mama unajisumbua, bei ni moja. Nawajibu kwamba mimi sichagulii bei.

Baba yako mdogo Gidioni anakusalimu. Kila jioni anapita, anasimama mpakani, ananiuliza hali kuliko mganga. Wewe ulikuwapo siku ya matanga, unakumbuka Mzee Matiasi na wazee wa ukoo walivyosema. Shamba la kahawa ni la Adelfina maadamu mkono wake unalimudu. Siku mkono huo ukishindwa, linarudi kwa ukoo, maana yake kwa Gidioni. Anataka apande parachichi. Basi mimi kila jioni namjibu sijambo, hata nikiwa na homa. Mwanangu, nakuambia bila kuficha, shamba hili ndilo pekee ninalokaa duniani bila kuwa mgeni wa mtu. Hata kwako Bisibo nikija nakuwa mgeni.

Mama yako,
Adelfina


Bisibo
8 Oktoba 2023

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia mikono ikinukia kahawa, naomba na karatasi ikufikie na harufu hiyo. Sisi wazima. Diana ameanza kusimama, anaanguka, anasimama.

Gunia lilifika salama. Mama mkwe Nshoma alipoona zile buni kavu na maganda yake aliniita pembeni akaniuliza kwa upole kwa nini mama yangu ametuma mavi ya mbuzi. Nilipomaliza kucheka nikaomba kinu chake. Alisimama mlangoni akiniangalia natwanga, napepeta maganda uwanjani, mpaka akaushika ungo mwenyewe. Mkono wake wa kupepeta ni mwepesi kuliko wangu.

Nilizikaanga kwenye sufuria nzito, moto mdogo wa mkaa, mwiko usipumzike. Kwanza zinanukia nyasi, baadaye mkate, halafu zinaanza kupasuka kama bisi. Pius amenifundisha nizitoe hapo hapo, nisingoje zitoke mafuta, kwa sababu ukiziunguza, ya Ngara na ya Brazili zote ni mkaa mmoja. Mama, zililingana rangi zote. Anasema buni iliyochumwa mbichi haikolei kwenye moto, inabaki imepauka katikati ya wenzake, na huko ndiko anakomjua mchumaji. Alizitandaza kwenye sahani, akazigeuza, hakupata hata moja. Akaniuliza nani amezichagua hizi. Nikasema Mama, na nikaona fahari ambayo sikuiona hata siku ya kupokea cheti.

Sasa ladha. Mwanzo ina uchachu mdogo wa zambarau. Katikati inakuja ile harufu ya ndizi zilizoivia shimoni, zikingoja kukamuliwa pombe. Mwisho unabaki utamu kooni, na haupotei haraka. Haifanani na kopo lolote la Pius. Tulikunywa bila sukari, tumekaa barazani, na nikawa niko nyumbani kabisa, nakuona unageuza kichanja. Nililia kidogo. Ngeleja akadhani ni moshi.

Siku hizi kila Jumamosi jioni ndiyo kazi yetu. Tunasaga za kutosha siku hiyo tu, kwa sababu ikishasagwa inachacha upesi. Nakutumia kidogo niliyokaanga na kusaga. Chemsha maji, yaache yatulie, mwagia, subiri, chuja kwa kitambaa safi. Kunywa, uniambie.

Mwanao anayejivunia wewe,
Joyceline


Kabanga
21 Januari 2024

Mwanangu,

Amani ya Bwana, na mwaka mpya wenye heri. Usishangae mwandiko. Anayeandika ni Clotilda, jirani yangu, mke wa katekista. Mkono wangu siku hizi unashika ganzi. Naye anakusalimu, anasema Diana atakuwa amekua.

Ile kahawa niliiweka muda, nikiiogopa. Jumapili moja baada ya misa nikamwita Clotilda tuiogope wawili. Tukafanya ulivyoelekeza. Yeye aliweka sukari mpaka kijiko kikasimama. Mimi nikainywa ilivyo, kwa heshima yako.

Ni chungu, mwanangu, nisiseme uongo. Lakini baada ya ule uchungu kikaja hicho kitu unachosema, utamu wa kooni. Nimelima mmea huu tangu niolewe, nimeuotesha, nimeupogoa, nimeubebea mbolea kichwani nikiwa na mimba yako, na sikuwahi kujua ulikuwa unatengeneza nini. Nilimwonea baba yako huruma kwamba amekufa bila kuonja. Sasa nikienda shambani natembea nikiwa mtu mwingine kidogo, najua ninachokichuma.

Unapoandika tumia kalamu nyeusi yenye wino mzito. Hiyo ya bluu imefifia mno.

Mama yako,
Adelfina


Kabanga
15 Juni 2024

Mwanangu,

Hatujambo. Mvua zimezidi mwaka huu lakini mibuni imebeba. Nakutumia za msimu mpya, mapema kabla ya kupeleka chama. Ni za shamba letu tu, nimechuma mwenyewe. Kunyweni mkinikumbuka. Clotilda ana haraka ya kwenda kanisani, kwa hiyo hapa ndipo mwisho.

Mama yako,
Adelfina


Bisibo
7 Julai 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Gunia limefika, asante sana kwa jasho lako. Tuko salama, mitihani ya nusu mwaka imekwisha na nasahihisha mpaka kichwa kinauma. Diana anakimbia sasa.

Kahawa tumekunywa. Tunashukuru. Pumzika, Mama, usijichoshe na mavuno, na ukihitaji mtu wa kukusaidia kuchuma tuambie tutafute.

Joyceline


Kabanga
4 Agosti 2024

Joyceline,

Salamu zako nimezipata, zile ulizoandika kwangu na zile ulizoandika kwa Gidioni.

Clotilda aandike kama ninavyosema, asipunguze. Jumamosi Gidioni alikuja na Mzee Matiasi na wazee wengine wawili wa ukoo. Ameshika barua yako. Akaisoma uwanjani kwangu, kwa sauti, mbele ya majirani waliokuja kuona kuna nini. Kwamba kahawa ya mwaka huu imekuwa kali mdomoni, ina ladha ya majani na ya ganda la karanga. Kwamba ulipoikaanga nusu ilibaki imepauka. Kwamba yeye baba mdogo akipata nafasi apite kichanjani aone kama Mama amechoka au kuna vibarua wanaomharibia kazi. Umeandika vizuri, mwalimu. Kila neno lilisikika.

Alipomaliza alikwenda kwenye mbuni ulio karibu, akachuma buni mbili, akasimama mbali nami, akaziinua, moja kila mkono. Akasema, "Shemeji, ipi imeiva?"

Nikamwambia nipe nishike. Akasema hapana, kahawa huonwa kwanza ndipo ichumwe.

Joyceline, niliona mkono wake kama mtu anavyoona mbuzi ndani ya ukungu. Hii ni tangu Noeli ya mwaka jana. Jicho la kulia lilitangulia, la kushoto likalifuata. Ganzi ya mkono ilikuwa uongo. Nilikuwa nachuma kwa kubonyeza, laini naitoa, ngumu naiacha, na nilidhani vidole vyangu vinatosha. Sikumwambia mtu isipokuwa Clotilda, na yeye kwa sababu alinikuta naongea na mti nikidhani ni yeye.

Nikasema ya kulia. Mzee Matiasi akakohoa. Clotilda aliniambia baadaye kwamba zote mbili zilikuwa mbichi.

Wazee wataamua Noeli, ukoo ukikusanyika. Mpaka wakati huo shamba niko nalo, na wewe usiniandikie kuhusu ladha.

Adelfina


Bisibo
11 Agosti 2024

Mama yangu, Mama,

Shikamoo. Sijui niseme nini, na lazima niseme.

Nilipozikaanga zile buni na kuona zilivyopauka niliogopa. Pius akasukuma tu sahani. Nilitaka kukuuliza wewe. Lakini unajua tulivyolelewa. Mtoto hamkosoi mzazi kazi yake usoni, anapitia kwa baba mdogo, na baba mdogo ndiye anayejua lugha ya kuongea na wakubwa wenzake. Wewe mwenyewe ulinifundisha hivyo siku niliyomwambia baba kwamba ugali wake umeungua. Nilifanya nilichofundishwa na nikakutoa sadaka kwa mtu anayeingoja siku hiyo tangu matanga. Ningeacha heshima nikakuuliza moja kwa moja, ungenigombeza na yangeishia hapo. Nina hasira na nafsi yangu.

Mama, hayo macho yanatibika. Nimeuliza. Ni mtoto wa jicho, anaondolewa na madaktari kwa muda mfupi tu, na kuna madaktari wa macho wanakuja hospitali ya misheni mwezi wa kumi. Wazee wamesema Noeli. Ukiwa unaona ifikapo Noeli, Gidioni hana la kusema. Nitakuja kukuchukua mwenyewe. Nakuomba sana.

Mwanao,
Joyceline


Kabanga
25 Agosti 2024

Joyceline,

Siendi.

Nyumba isiyotoa moshi ni nyumba iliyohamwa, ndivyo wanavyohesabu hapa. Siku jiko langu likilala baridi Gidioni ataingia na atasema alikuta pametupwa. Nikienda hospitali nitarudi na macho ya kutazamia parachichi. Bora nikae kipofu kwangu.

Adelfina


Bisibo
8 Septemba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma kwa sauti hapa nyumbani kwa sababu nilishindwa kuibeba peke yangu. Mama mkwe Nshoma alikuwa anakamua. Akamaliza, akafunika maziwa, akasema atakuja yeye.

Nilidhani anatania. Anasema kuwasha moto ni kazi aliyoianza kabla sijazaliwa, na kwamba moshi hauulizwi kabila. Kahawa haijui, Kihangaza chenu hakijui, na Kiswahili chake ni cha mnadani, lakini jiko lako halitalala. Ngeleja alijaribu kumzuia. Akamwambia mwanawe anyamaze, mkwe akiwa shidani ng'ombe wanaweza kukamuliwa na mtoto wa kiume.

Tutafika pamoja mwanzoni mwa mwezi wa kumi. Yeye atabaki, mimi na Clotilda tutakusindikiza hospitali. Mwalimu mkuu amenipa ruhusa fupi tu, kwa hiyo nitaondoka ukishafunguliwa bandeji na Clotilda atakurudisha. Ukikataa tutakuja hivyo hivyo, na utamrudisha Nshoma kwa mkono wako mwenyewe, kama unaweza.

Mwanao,
Joyceline


Bisibo
10 Novemba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Jicho linaendeleaje? Tangu niliposimama mlangoni mwa wodi ukaniambia nimenenepa, nimeishi kwa neno hilo. Nililia ndani ya basi mpaka Lusahunga, na jirani yangu wa kiti akanipa njugu.

Lakini sijapata barua. Na mama mkwe hajarudi. Ngeleja anauliza kila siku, na jogoo wako naye amenuna. Nilipopiga simu ya Clotilda alisema, "Mama yako ataandika mwenyewe akiwa tayari," akakata. Kuna nini huko? Kama ni jambo baya niambieni, kulisubiri ni kubaya zaidi.

Joyceline


Bisibo
1 Desemba 2024

Mama,

Shikamoo. Natuma tena, huenda ile ya kwanza ilipotea na kondakta. Nakuomba hata mstari mmoja.

Joyceline


Kabanga
29 Desemba 2024

Mwanangu Joyceline,

Marahaba. Heri ya Noeli, na mwaka unaokuja uwe mpole kuliko huu. Barua hii naandika mwenyewe, ndiyo maana mistari inapanda na kushuka. Jicho la kulia linaona. La kushoto watalifungua mwakani. Barua zako zote zilifika, hakuna kondakta wa kusingizia.

Nilirudi na Clotilda siku ya Ijumaa. Tulipofika njiani nikaona moshi wa jiko langu, na nikaona kwamba naona moshi, nikafurahi mara mbili. Kisha nikaona mbingu mahali ambapo haikuwa ikionekana. Mistari ya juu, ya karibu na kichuguu, yote, ilikuwa imelala chini. Visiki vilikuwa vyeupe bado. Jicho langu jipya, Joyceline, hicho ndicho lilichonionyesha kwanza shambani.

Gidioni alikuja asubuhi ya siku moja kabla, na vijana wenye mapanga. Akamwambia Nshoma mimi nimemtuma apogoe. Nshoma mibuni haijui, angejuaje kupogoa na kufyeka. Na huyu ni baba mdogo wako, kwake ni mkwe. Anasema alivyolelewa, mkwe hamzuii mkwe njia, wala hamtazami usoni. Akajifunika khanga, akaingia ndani, akawapikia hata uji. Lakini aliposikia miti inavyoanguka akajua hiyo si sauti ya kupunguza matawi.

Unajua alifanya nini? Hakuacha adabu yake. Alichukua kigoda, akajifunika kichwa vizuri, akatoka kinyumenyume ili asimtazame mkwe wake, akakaa kwenye mstari wa chini ya nyumba, mgongo ukiwa kwao. Vijana walipofika kwenye mti wake wakasimama. Gidioni akamwambia mama, ondoka. Akajibu bila kugeuka, "Mkwe, nishike mkono uniinue." Na mkwe hamshiki mkwe, Gidioni anajua aibu hiyo hata kwetu ingemwua. Wakizunguka mti mwingine, naye anahamisha kigoda kinyumenyume. Mpaka jua linatua. Mstari wa chini ukabaki.

Alinilaki uwanjani akapiga magoti, akaniambia amenipotezea shamba. Nikampigia magoti na mimi. Clotilda akatuacha hapo vumbini, vikongwe wawili, akaenda kuchota maji. Nshoma hajarudi Bisibo kwa sababu amekataa. Anasema mpaka aone kimechipua kitu. Mwambie Ngeleja mama yake yuko vizuri, anawafundisha watu wa Kabanga kupiga bei.

Juzi ukoo ulikusanyika. Nilikwenda na miguu yangu. Mzee Matiasi aliponiona namsalimia kila mtu kwa jina lake kutoka mlangoni, alitabasamu, lakini kwenye maneno alikuwa mzito. Alisema ukoo uliweka sharti la mkono wa mjane kulimudu shamba, na mkono ulioliangusha shamba hili haukuwa wa mjane, ulikuwa wa ukoo wenyewe. Shamba libaki kwangu mpaka visiki vizae. Vikizaa, ni langu; visipozaa, ni la Gidioni. Gidioni alitoka kabla ya chakula.

Visiki vya kahawa havifi kwa panga, wewe unajua. Mvua za Novemba zimevichipusha. Kila asubuhi mimi na Nshoma tunapita, kila kisiki tunakiachia machipukizi mawili yenye nguvu, mengine tunayang'oa, tunaweka mbolea. Kuzaa ni miaka. Mimi ni mtu mzima, sijui kama miaka hiyo ninayo. Nafanya hivyo hivyo.

Sasa la mwisho, ambalo ndilo lililonichelewesha kuandika. Barua yako kwa Gidioni niliiomba kwa Mzee Matiasi, nikaisoma kwa jicho langu. Nilitaka nione ubaya wako humo nikugombeze nimalize. Sikuona ubaya. Niliona mtoto anayeipenda kahawa ya mama yake na anayeogopa kwa ajili yake. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu sina pa kukushikia, na miti yangu iko chini.

Padre aliniuliza kama nimekusamehe. Nikamwambia bado. Nakuandikia hivyo hivyo, kwa sababu asiyekupenda angesema yamekwisha. Mimi kila nikipita kwenye visiki nakasirika upya, na kila jioni natamani uje. Yote mawili ni ya kweli, na hakuna linaloondoa mwenzake.

Shule zikifunga mwezi wa sita, njoo. Mlete na Diana. Usilete kahawa ya Pius, wala usilete maneno ya kuomba radhi, nimeshayasoma. Lete jembe dogo la palizi. Utapalilia mistari ya juu, nami nitakuwa mbele yako nikichagua machipukizi. Huenda tukifika mwisho wa mstari nitakuwa nimekusamehe. Ikiwa bado, kuna mstari mwingine.

Mama yako,
Adelfina